Ndege wa Ghana na makazi yao yaliyo hatarini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Habari za ndege na misitu ya Ghana hutufikia kwa Kiswahili vipande vipande: leo boksaiti, kesho dhahabu, keshokutwa kasuku. Ukurasa huu unaviweka vipande hivyo pamoja, kwa sababu kwa kweli ni habari moja. Aliyekuja na swali moja tu aliruke mengine alifuate lake.

Ghana ina ndege wa aina ngapi?

Zaidi ya 700. Nchi yenyewe eneo lake ni kama robo tu ya Tanzania, kwa hiyo utajiri huo si mdogo. Kaskazini kuna savana pana, kusini-mashariki kuna pwani kavu yenye nyangwa (maziwa ya chumvichumvi kando ya bahari), na kusini-magharibi kuna msitu wa mvua. Msitu huo ni sehemu ya ukanda wa Guinea ya Juu, unaoanzia Guinea na Sierra Leone, ukapita Liberia na Côte d'Ivoire, ukaishia Ghana. Mashariki yake, Togo na Benin, pana uwazi mkavu unaoutenga na misitu mikubwa ya Kamerun na Kongo. Utengano huo wa muda mrefu ndio uliozaa ndege ambao huwakuti penginepo: hondohondo wa mashavu ya kahawia, kanga wa kifua cheupe, bundi mwekundu anayevua samaki kwenye vijito vya msituni. Msitu wa Guinea ya Juu ukiisha, ndege hao hawana pa kuhamia.

Si maeneo hayo yanalindwa na sheria?

Mengi yanalindwa, na hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Ghana ina hifadhi za taifa kama Mole, iliyotangazwa mwaka 1971 huko kaskazini, Kakum ya mwaka 1992, pamoja na Bia na Ankasa katika misitu ya magharibi. Ndani ya hizo ukataji miti na uchimbaji madini haukubaliwi. Hata hivyo sehemu kubwa ya msitu uliobaki haimo katika hifadhi za taifa. Imo katika misitu ya hifadhi zaidi ya 200, mingi ikiwa ilitengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya mbao na vyanzo vya maji. Kwa hiyo kusema "msitu wa hifadhi" nchini Ghana hakumaanishi msitu usioguswa. Kampuni yenye kibali inaweza kuvuna magogo humo kihalali kabisa. Anayejua tofauti ya msitu wa hifadhi na hifadhi ya taifa hapa kwetu ataelewa mara moja.

Na hata hifadhi ya taifa haina kinga kamili. Bwawa la Bui kwenye Mto Volta Mweusi, lenye mitambo ya megawati 400, lilipoanza kazi mwaka 2013, maji yake yalikuwa yamefunika karibu sehemu moja kwa tano ya Hifadhi ya Taifa ya Bui.

Atewa ni nini, na kwa nini inatajwa kila mara?

Atewa ni safu ya vilima katika Mkoa wa Mashariki, karibu na mji wa Kibi, kiasi cha kilomita 90 kaskazini mwa Accra. Ilitengwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1926, na mwaka 1999 ikaorodheshwa miongoni mwa maeneo ya bioanuwai yenye umuhimu wa kidunia. Msitu wake wa milimani ni wa aina adimu: nchini Ghana aina hiyo imebaki Atewa na Tano Ofin tu. Aina zaidi ya 200 za ndege zimeonekana humo, akiwemo shore mdogo wa Nimba, ambaye duniani kote anaishi katika misitu michache ya Afrika Magharibi. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza chura mpya kabisa kutoka vijito vya Atewa, wakampa jina la kijiji cha Sagyimase kilichopo hapo chini ya mlima.

Ila sababu kubwa ya kuitaja Atewa ni maji. Mito mitatu inazaliwa humo: Densu, Birim na Ayensu. Watu zaidi ya milioni 5 hutegemea maji ya mito hiyo, na kati yao wamo wakazi wa Accra wapatao milioni moja, wanaokunywa maji ya Densu kupitia bwawa la Weija. Ufuate Densu hadi mwisho wake utaona jambo ambalo ramani za hifadhi hazikuonyeshi: mto unaoanzia chini ya miti ya Atewa unaishia katika delta yake magharibi mwa Accra, na delta hiyo nayo ni ardhioevu ya kimataifa yenye maelfu ya ndege wa pwani. Ndege wa mlimani na ndege wa baharini wameunganishwa na mto mmoja, na katikati yao wapo watu wenye ndoo na mabomba. Mimi siwezi tena kuzizungumzia habari hizi kama habari za ndege peke yao.

Boksaiti inaingiaje hapo?

Juu ya vilele vya Atewa kuna tabaka la boksaiti, udongo mwekundu unaotengenezewa alumini. Lilijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kila baada ya miaka kadhaa mtu huja na mpango wa kulichimba. Mpango mzito zaidi ulitokea mwaka 2018, Ghana ilipotia saini makubaliano na kampuni ya Sinohydro ya China: kampuni ijenge barabara na miundombinu mingine ya thamani ya dola bilioni 2, na deni lilipwe kwa mapato ya boksaiti iliyosindikwa. Mwaka huohuo likaundwa shirika la serikali la kuendeleza sekta hiyo, GIADEC. Mwaka 2019 mitambo iliingia msituni, ikafungua njia na kuchoronga mashimo ya utafiti.

Boksaiti ya vileleni kama hii haichimbwi kwa njia ya chini kwa chini. Msitu unafyekwa wote, udongo wa juu unaondolewa, kisha tabaka lenyewe linabebwa. Na tabaka hilo ndilo linaloshika mvua kama sifongo na kuiachia polepole kwenye chemchemi wakati wa kiangazi. Ndiyo maana ahadi ya kupanda miti baada ya kuchimba hainiridhishi hata kidogo. Utapanda miti, lakini kilele kilichokuwa kinahifadhi maji kitakuwa kimekwenda kiwandani.

Mwaka 2020 shirika la mazingira la A Rocha Ghana, pamoja na mashirika mengine na raia kadhaa, liliishtaki serikali katika Mahakama Kuu mjini Accra, likidai kwamba uchimbaji Atewa unavunja haki ya kikatiba ya uhai na ya mazingira safi. Mwaka 2021 kampuni za BMW, Tetra Pak na Schüco zilieleza kwa barua kwamba hazitaki alumini inayotokana na boksaiti ya Atewa. Barua hizo zilikuwa na uzito wake, maana zilitoka kwa wanunuzi, na mchimbaji anaweza kumpuuza mpenda ndege lakini hawezi kumpuuza mnunuzi.

Nimesikia kuhusu kanuni ya L.I. 2462. Ni nini?

Ni kanuni za mwaka 2022 kuhusu uchimbaji madini katika misitu ya hifadhi. Zilipotolewa zilielezwa kuwa za kudhibiti uchimbaji, lakini ndani yake zilimpa rais mamlaka ya kuruhusu uchimbaji hata katika maeneo ya bioanuwai yenye umuhimu wa kidunia kwa kisingizio cha maslahi ya taifa. Mlango uliokuwa umefungwa kwa sera ukafunguliwa kwa kanuni. Maombi ya leseni yakaanza kuelekezwa kwenye misitu iliyokuwa salama kwa miongo mingi.

Upinzani ulitoka pande nyingi: watu wa mazingira, vyama vya wafanyakazi, viongozi wa dini, madaktari, wanafunzi. Mwaka 2024 maandamano dhidi ya uchimbaji haramu yaliijaza mitaa ya Accra. Desemba 2025 kanuni hizo zilifutwa. Huo ni ushindi halisi na waliouhangaikia wanastahili pongezi, lakini usiuchukulie kuwa mwisho. Kufutwa kwa kanuni hakumfukuzi mchimbaji ambaye tayari yumo msituni, na Atewa bado haijapewa hadhi ya hifadhi ya taifa ambayo watetezi wake wameiomba kwa miaka mingi.

Galamsey ni nini, na inahusianaje na ndege?

Galamsey ndilo jina la Waghana kwa uchimbaji dhahabu usio na leseni. Zamani ulikuwa kazi ya sululu na karai. Siku hizi unafanywa kwa makatapila na mashine zinazoelea mtoni zikifyonza mchanga kutoka chini. Kingo za mto zinang'olewa, mashimo yanaachwa wazi, na zebaki inayotumika kukamatisha dhahabu inabaki kwenye matope.

Fikiria mdiria, anayevua kwa macho. Yeye hupiga mbizi akiwa amemwona samaki. Mto ukigeuka rangi ya chai ya maziwa, haoni kitu. Na tundu lake analichimba kwenye ukingo wa mto, ukingo uleule unaobomolewa. Bundi mvuvi naye ana shida hiyohiyo. Samaki waliobaki wamebeba zebaki, nayo humwingia kila amlaye, ndege au mtoto wa binadamu.

Agosti 2024 kampuni ya maji ya Ghana ilitangaza kwamba maji ya Mto Pra yanayoingia katika mtambo wa Sekyere Hemang, unaohudumia Cape Coast na miji jirani, yalikuwa na tope la wastani wa NTU 14,000 (NTU ni kipimo cha tope majini), ilhali mtambo ulijengwa kusafisha maji yasiyozidi 2,000. Wakazi walikosa maji. Birim, mmoja wa mito mitatu ya Atewa, humwagikia Pra.

Yule ndege mwenye kichwa kitupu kisicho na manyoya ni yupi?

Ni pikathatesi wa shingo nyeupe, na ukimwona picha hutamsahau: uso wa manjano usio na unyoya, duara jeusi nyuma ya kila jicho, kifua cheupe, miguu mirefu ya kurukaruka chini ya msitu. Hujenga kiota cha udongo kama kikombe kikubwa, akakigandisha kwenye ukuta wa mwamba, chini ya jiwe lililoinama ili mvua isikifikie. Ndege kadhaa hujenga pamoja kwenye mwamba mmoja, na mwamba mzuri hutumiwa kizazi baada ya kizazi.

Baada ya miaka ya 1960 hakuna aliyethibitisha kumwona tena nchini Ghana, hadi alipopatikana upya mwaka 2003. Leo mahali panapojulikana zaidi ni msitu ulio karibu na kijiji cha Bonkro. Wageni hupanda na mwongozaji wa kijijini, wanakaa kimya mbele ya miamba saa za alasiri, wanasubiri ndege warudi kulala. Ada inabaki kijijini. Kwa ndege ambaye makazi yake yote ni jiwe moja na msitu unaolizunguka, mkulima anayeona faida ya kuuacha msitu huo ni mlinzi bora kuliko bango.

Kasuku wameisha kweli?

Karibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kasuku wa kijivu nchini Ghana wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992. Watafiti walirudi kwenye sehemu tatu za kulala ambazo miaka ishirini nyuma kila moja ilikuwa na kasuku 700 hadi 1,200. Kwa zote tatu wakakuta kasuku 18.

Sababu ni mbili zinazosaidiana. Kwanza ni kukatwa kwa miti mikubwa yenye matundu, ambako kasuku hutaga. Pili ni biashara. Kasuku huyu huiga sauti ya mtu kuliko ndege yeyote, na sifa hiyo imemponza. Soko lilikuwa Ulaya hadi Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku kuingiza ndege wa porini, kwanza kwa muda mwaka 2005 na kwa kudumu mwaka 2007. Kisha likahamia zaidi Ghuba na Asia. Mwaka 2016, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg, nchi zilikubaliana kumweka kwenye Orodha ya Kwanza, yaani biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini imekatazwa.

Hili linatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Ndege huyuhuyu yumo katika misitu ya Kongo na Uganda, na magharibi mwa Kenya, katika msitu wa Kakamega, amebaki wa kuhesabika. Anayenunua kasuku wa kijivu huko Maskati, Dubai au Mombasa bila hati za kuzaliwa kwake kizimbani anaweza kuwa anamaliza ndege wa nyumbani kwake mwenyewe.

Nyangwa za pwani zina umuhimu gani?

Wangwa ni ziwa la chumvichumvi lililotengwa na bahari kwa ukanda wa mchanga. Ghana ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu mwaka 1988 kwa kuorodhesha Owabi, karibu na Kumasi, kisha mwaka 1992 ikaongeza maeneo matano ya pwani: Muni-Pomadze, Delta ya Densu, Sakumo, Songor na Keta. Kila mwaka ndege kama vitwitwi, sululu na ndugu zao hutoka Siberia, Skandinavia na Uingereza wakashuka kwenye matope ya nyangwa hizi kula minyoo na konokono. Wengine hukaa hapo hadi Machi, wengine hujaza matumbo wakaendelea kusini.

Hali zake hazilingani. Keta ni kubwa mno na bado ina nafasi, ingawa mikoko hukatwa kwa kuni na kwa kufukizia samaki. Songor ina ugomvi wa muda mrefu kuhusu nani avune chumvi. Sakumo, kati ya Accra na Tema, inanisikitisha kuliko zote. Nyumba zimejengwa ndani ya mipaka yake, ardhi ikajazwa kifusi, hati zikapatikana kwa njia zinazojulikana. Serikali hubomoa baadhi, wengine hujenga tena. Kila msimu wa mvua maji hurudi kutafuta mahali pake pa zamani, yanakuta sebule za watu.

Owabi nayo ni bwawa lililojengwa mwaka 1928 kuipa Kumasi maji, msitu wake ukalindwa ili maji yabaki safi, ndege wakaufuata. Sasa mji umeizunguka pande zote.

Ni kweli watoto waliwahi kuhusishwa na kutoweka kwa ndege wa Ulaya?

Ni kweli, na hiki ndicho kisa nikipendacho kuliko vyote. Buabua waridi, ndege mweupe wa bahari mwenye mkia mrefu, huzaana Uingereza na Ayalandi, kisha husafiri hadi pwani ya Ghana. (Buabua wa aina hiyo huzaana pia kwenye visiwa vya pwani ya Kenya, ila hao si wasafiri wa njia hii.) Idadi yao Ulaya ilishuka vibaya kati ya miaka ya 1960 na 1980. Pete walizovishwa miguuni zikaanza kurudi kutoka Ghana: vijana walikuwa wakiwanasa ufukweni kwa matanzi na kwa ndoana zenye chambo, wengine kwa mchezo, wengine kwa kitoweo.

Mwaka 1985 ukaanzishwa mradi wa kuwaokoa ndege wa ufukweni, kwa ushirikiano wa serikali ya Ghana na mashirika ya ndege ya Uingereza na ya kimataifa. Ungeweza kutegemea faini na polisi. Badala yake waliingia shuleni, wakaanzisha klabu za wanyamapori, wakawafundisha watoto walewale kuwatambua ndege waliokuwa wakiwatega. Kutokana na mradi huo mwaka 1991 ikazaliwa Jumuiya ya Wanyamapori ya Ghana, yaani Ghana Wildlife Society. Leo katika kisiwa cha Rockabill, Ayalandi, huzaana jozi zaidi ya 1,000 za buabua hao. Ulinzi wa visiwa vya kuzalia umechangia sana, lakini bila pwani salama upande wa pili usingetosha.

Na tumbusi?

Tumbusi wa kofia, yule mdogo mwenye uso wa waridi, bado huonekana Accra na Kumasi, hasa karibu na machinjio. Usidanganywe na kuwaona wengi: tangu mwaka 2015 ameorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Afrika Magharibi huuawa kwa ajili ya uganga, kichwa chake kikiaminiwa kuleta bahati au kinga. Mwaka 2020 huko Guinea-Bissau zaidi ya 2,000 walikufa kwa sumu, na mizoga mingi ilikutwa haina vichwa. Anayekula mizoga akiisha, mizoga hubaki kwa mbwa na panya.

Mila za Waghana zinasaidia au zinadhuru?

Vyote viwili. Miongoni mwa Waakan, kundi kubwa la makabila ya kusini mwa Ghana, kila ukoo una mnyama wake wa heshima: Agona wana kasuku, Asona wana kunguru, Asakyiri wana tumbusi. Yapo pia machaka matakatifu yasiyolimwa, na siku ambazo mto au wangwa hauvuliwi. Miiko hiyo imelinda mengi. Lakini mwiko unamfunga anayeuamini, si mfanyabiashara mgeni aliyekodi katapila. Ndiyo sababu Ghana ilianzisha CREMA, maeneo ambayo jamii yenyewe hupewa mamlaka ya kisheria kusimamia wanyamapori na mapato yake, jambo linalofanana na jumuiya za hifadhi za Tanzania.

Uwindaji unaruhusiwa?

Kwa kibali na kwa msimu. Kuanzia tarehe 1 Agosti hadi 1 Desemba uwindaji wa wanyamapori wote umefungwa, isipokuwa ndezi, ambaye bado anahitaji leseni. Hondohondo wakubwa ndio walioumia zaidi kwa bunduki, kwa kuwa ni nyama nyingi juu ya mti mmoja na huzaa polepole.

Watu hawana kazi. Kwa nini ndege watangulizwe?

Swali hili ni la haki, na anayelipuuza hajawahi kukaa na kijana asiye na shamba. Kakao ikilipwa vibaya na dhahabu ikipanda bei, uamuzi wake unaeleweka. Lakini angalia nani hasa anatangulizwa. Mwenye katapila haishi kando ya mto. Anayebaki na mashimo, zebaki na mabomba makavu ni yuleyule kijana na mama yake. Mkulima wa kakao aliyeuza shamba lake kwa wachimbaji hulipwa mara moja, na ardhi haioti tena. Ndege hawajawahi kuwa wapinzani wake katika jambo hili.

Nikitaka kuwaona ndege hawa, niende lini na wapi?

Novemba hadi Machi ni wakati mzuri, kwa kuwa kuna ukavu na wageni wa kaskazini wapo. Kakum ina daraja la kamba juu ya vilele vya miti, lililofunguliwa mwaka 1995. Ingia alfajiri kabla ya makundi ya shule. Mole ni ya savana. Keta na Songor ni za ndege wa maji. Atewa inatembeleka kwa miguu na mwongozaji. Kwenye miamba ya pikathatesi usitumie mwanga wa kamera wala kusogea kiotani.

Nikiwa mbali naweza kufanya nini?

Usinunue kasuku wa porini, na umwambie jirani anayetaka kununua. Ukinunua dhahabu, uliza ilikotoka, hata kama muuzaji atakasirika. Ukiwa mwalimu wa pwani yetu, anzisha klabu ya ndege shuleni kwako: daftari moja, mtu mmoja anayewajua ndege kwa majina, na Jumamosi asubuhi maji yakipwa.